Siku Tulipoufunga Mji Tukajifungia Nje

Chama chetu hapa Butembo kilikuwa na watu wa aina mbili: wenye msimamo, na sisi wengine. Wenye msimamo walikuwa kumi. Sisi wengine idadi yetu haikujulikana, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kama tungekuja mkutanoni mvua ikinyesha.

Wale kumi walijiita Wasafi. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mwembamba ambaye sijawahi kumwona akikaa chini. Sheria zao zilikuwa nyingi na zilizaana kila wiki. Mwanachama asinywe bia na mtu wa chama kingine. Asimsalimie ofisa aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine, maana anakula mshahara wa serikali. Asivae fulana ya chama kingine, hata shambani. Sheria hiyo ya fulana peke yake ilitupotezea kijiji kizima. Kwetu fulana za kampeni ndizo nguo za kulimia, na mkulima mwenye akili anazo za vyama vyote.

Hata hivyo niliwapenda, na sioni haya kusema. Walibandika matangazo kwenye mvua. Walikwenda Kasugho kwa miguu wakarudi na matope hadi magotini, wakiwa wamepata mwanachama mmoja mpya, ambaye walimfukuza wiki iliyofuata kwa kukosa msimamo. Bila wao chama kingekuwa muhuri tu, na muhuri wenyewe ulikaa kwenye mkoba wangu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa anauza viazi na kabichi za Masereka kwenye soko letu, na alitaka kuwa mbunge wa mkoa. Hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa na watu. Wauzaji wa sokoni walikuwa wake, wakulima wa Masereka walikuwa wake, hata mke wa meja mmoja aliyetoka mkoa wa Équateur alikuwa wake, kwa sababu shangazi alikuwa anamchagulia viazi visivyo na macho. Wasafi hawakulipenda jambo hilo.

"Mama, barafiki yako ni mingi sana," mwalimu alimwambia siku moja mbele yangu. "Mutu wa batu bote ni mutu wa nani?"

"Ni mutu wa batu bote," shangazi akajibu. "Si umekwisha kusema?"

Chama kilikuwa na uwezo wa kusimamisha mgombea mmoja tu mjini kwetu. Mjumbe wa makao makuu angekuja kutoka Kinshasa siku ya Alhamisi, ashuke kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi, pale Beni, kisha aletwe Butembo aone kwa macho yake nani ana watu. Shangazi alijiandaa mwezi mzima. Malori mawili ya wakulima yangeshuka kutoka Masereka. Wanawake wa soko walishona vitambaa vya aina moja.

Jumatatu ya wiki hiyo Wasafi walikutana na kutangaza ville morte. Asiyeishi kwetu hajui: ni siku ambayo mji unajifanya umekufa ili serikali isikie. Maduka yanafungwa, pikipiki zinalala, magogo yanawekwa barabarani. Safari hii walitaka kulalamikia barabara ya Kasugho, ambayo kweli ilikuwa imegeuka dimbwi. Siku waliyochagua ilikuwa Alhamisi.

Fundi cherehani mmoja, mwanachama wa zamani, aliinua mkono. "Mais jeudi njo mujumbe anakuya."

"Yesu alihamishaka Ijumaa Kuu juu Pilato iko na mugeni?" mwalimu akauliza. Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Nani iko vuguvugu humu ndani?"

Fundi cherehani akaanza kukagua dari. Mimi nilikuwa na mashine ya kuandikia mbele yangu. Niliandika tangazo kama nilivyosomewa, na pale walipotaka kusema hakuna gari litakalopita, niliongeza kwa mkono wangu "bila ubaguzi wowote," kwa sababu ilisikika vizuri. Nikapiga muhuri. Mwalimu akanishika bega akasema mimi ni mtu kamili, na ninakiri kwamba nilijisikia vizuri hadi jioni.

Tangazo lilisomwa redioni Jumatano. Shangazi alikuja kwangu akitweta.

"Balisahau kama njo siku yangu?"

"Labda," nikasema.

Simu za Masereka hazikupatikana. Alhamisi alfajiri tuliondoka kwa jeep ya kuazima kabla ya magogo kuwekwa, tukampokea mjumbe Mavivi. Alikuwa mtu mnene mwenye viatu vyeupe, anachanganya Kilingala na Kifaransa, na Kiswahili anakigusa kama mtu anayejaribu maji ya moto. Njia nzima shangazi alimwambia habari za watu wake. Mimi nilitazama dirishani nikiomba Wasafi wawe wamepatwa na malaria.

Hawakuwa wamepatwa. Mlangoni mwa Butembo kulikuwa na magogo matatu ya mikaratusi, na nyuma yake mwalimu, amevaa suti.

"Mwalimu, huyu njo mujumbe wetu," nikasema. "Fungua."

Akatoa tangazo mfukoni akalisoma polepole. "'Hakuna gari litakalopita, bila ubaguzi wowote.'" Akaweka kidole kwenye muhuri. "Njo cachet yako hii, ama hapana?"

"Njo yangu."

"Donc? Basi nini?"

Tukashuka. Tuliingia mjini kwa miguu, mjumbe na viatu vyake vyeupe mbele, shangazi nyuma yake, mimi nikibeba sanduku la mgeni kichwani. Mji ulikuwa kimya mpaka tunasikia mbuzi akitafuna. Bila shaka kila duka lilikuwa limefungwa mbele na limefunguliwa nyuma, ndivyo tunavyokufa Butembo. Uani kwa jirani nilimwona Msafi mmoja akila maandazi. Aliponiona aliyaficha, kisha akakumbuka kwamba hakuna sheria dhidi ya maandazi, akaendelea.

Kwenye uwanja wa mkutano kulikuwa na viti vya kukodi na wanawake sita wa sokoni waliopita vichochoroni na vitambaa vyao. Malori ya Masereka yalikuwa yamerudishwa kwenye magogo ya upande wa pili. Shangazi alisimama akivihesabu viti kwa macho.

Ndipo mwalimu akafika na kipaza sauti.

"Excellence! Angalia! Hata kuku hapana toka inje! Muji muzima imetuitika!"

Mjumbe alizunguka polepole, akatazama milango iliyofungwa, mtaa kwa mtaa. Uso wake ukaanza kung'aa. Alikwenda kwenye dirisha moja lililokuwa wazi kidogo, akamuuliza mama aliyekuwa ndani kwa nini amefunga.

"Benyewe balisema," mama akajibu.

"Benyewe nani?"

"Abo benye kusemaka."

Mjumbe aliandika jibu hilo kwenye daftari lake kama ushahidi wa nidhamu ya umma. Jioni ile, nyumbani kwa paroko alikolala, alitangaza uamuzi. Shangazi alikuwa amemwonyesha watu sita, mwalimu alikuwa amemwonyesha mji mzima. Mgombea ni mwalimu.

Mwalimu alifanya kampeni kwa kuwaambia wapiga kura makosa yao. Siku ya uchaguzi mji ule ule uliomwitikia ulitoka kwa wingi ukampigia kura mtu mwingine. Katika kituo changu alipata kura saba, na Wasafi watatu waliapa kwamba walipiga hapo, kwa hiyo nne ni za watu wengine, na mpaka leo wanatafutwa wafukuzwe au wasifiwe. Yeye alisema kura chache ni dalili ya usafi.

Nilikaa karibu mwezi bila kupita kwenye meza ya shangazi. Nilipokwenda nilimkuta anapanga kabichi. Niliwalaumu Wasafi kwa maneno makali, nikasema wameua chama. Aliniacha nimalize.

"Lile tangazo, ulilipiga siku gani?"

"Lundi. Jumatatu ile ya mukutano."

"Na uliniona lundi, mardi, mercredi."

"Ndiyo, tantine."

"Ungeniambia lundi, batu ya Masereka bangepanda mpaka Beni mercredi, mbele ya magogo. Kule hakukuwa ville morte. Mujumbe angebaona pale pale Mavivi." Hakupandisha sauti. "Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa kuitwa vuguvugu.

"Bale kumi balinikataaka mbele ya macho," akasema. "Nilijua namna ya kupita pembeni yabo. Weye, sikujua kama uko gogo barabarani."

Mteja akaja akauliza bei ya kabichi. Shangazi akamjibu kwa upole, akamchagulia kubwa, na mimi nikasogea ili nisiwazuie.