Barabara Aliyoiita Mama Zenon

Mama Zenon wa mtaa wa nyuma ya maghala, pale Sumbawanga, hakuwa mtu wa kukaa akipiga miayo. Jina lake la ubatizo Cornelia, mjane, mpika pombe ya ulezi, na mdomo anao. Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye lori akawa ananunua mahindi ya Ufipa bila kuiuliza serikali, na mtaa wao ukakosa utulivu. Malori yalikuja kutoka Tunduma, mikokoteni ya ng'ombe ikaja kutoka Msanzi na Mwimbi, vumbi likaingia mpaka kwenye chungu cha mboga.

Ndipo halmashauri ikatangaza kuupanga mtaa upya. Njia za mizigo zilikuwa mbili: ya juu, iliyopita mlangoni kwa Mama Zenon, na ya chini kando ya kijito. Moja ingefanywa barabara ya malori, ile itakayoonekana inabeba mizigo zaidi. Bwana Flavian wa idara ya ujenzi akaja na kiti chake, akaketi njia panda, akaanza kupiga vistari kila chombo kilipopita, kazi ya wiki moja.

Mama Zenon naye akapiga hesabu zake. Barabara ikija mlangoni, madereva watashuka, na dereva hakosi kiu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama. Akapika pombe ya mwito, ile mtu anayopika akitaka majirani waje kumlimia, ila safari hii hakutaka majembe. Akamfuata Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, mwenye mikokoteni na ndugu wengi wenye mikokoteni.

"Wiki hii mpitie kwangu, baba. Kwenda mpite, kurudi mpite. Pombe ipo."

"Kama ipo, mama, hata ng'ombe watapajua," akasema Masalu.

Wakapajua kweli. Njia ya juu ikajaa, ya chini ikabaki na mbuzi. Mama Zenon akafurahi hadi akampelekea Flavian kibuyu, na Flavian, koo lilipolainika, akampa habari njema.

"Njia yenu inashinda, mama. Malori mawili yatapishana hapa bila kugusana."

"Yatapishana wapi, mwanangu? Njia yenyewe upana wa kitanda."

Flavian akaelekeza kalamu kwenye nyumba za upande wa juu. "Hizo zitaondoka."

Ya kwanza ilikuwa yake. Matofali yake aliyachoma na marehemu mumewe, Ignasi, udongo wakiukanyaga kwa miguu yao wenyewe, na Ignasi akafa kabla bati halijapanda. Akarudi nyumbani akishika ukuta kama mgonjwa, akijiuliza ni shetani gani aliyemtuma.

Akawaomba watu wa Masalu wapite chini. Wakacheka. Wakadhani mama anawaficha pombe wapate wengine, wakazidi kuja. Kutwa nzima aliruka kila gurudumu lilipolia. Basi asubuhi ya siku ya mwisho ya kuhesabu akavikokota vyungu hadi nje, akamwaga pombe yote barabarani, akilia kwa hofu na hasira. Isipokuwepo, atakuja nani?

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Kwao pombe ya mwito haimwagwi, hata ikichacha. Ikimwagwa, maana yake ni moja: msiba umeingia nyumbani. Mama Zenon alilijua hilo tangu utoto, lakini hofu ikikupanda kichwani unasahau hata jina lako. Jirani yake Fransiska aliona vyungu vimeinamishwa, akaona na machozi. Hakuuliza, maana mfiwa haulizwi. Alijifunga kanga akaenda kueneza habari.

Kabla ya jua kusimama utosini mikokoteni ikaanza kufika. Ilibeba kuni, unga, maharage, na wanawake wanaolia. Malori mawili ya mahindi yakageuza njia, yamejaa wachukuzi waliozoea kunywa kwake. Mama Zenon akakimbia hadi kwa Flavian.

"Baba, hii si mizigo. Hawa wanakuja msibani. Wamekosea."

"Mimi naandika kinachopita, mama. Sikutumwa kuuliza kinakwenda wapi." Na mkono wake haukupumzika.

Masalu akashuka, akavua kofia. Alijua mwana pekee wa mama huyu ni utingo wa malori huko Tunduma, akamsogelea.

"Mama, ni Zenon?"

"Zenon mzima."

"Basi tumempoteza nani?"

Mama Zenon akatazama uani. Wanawake walikuwa wameshawasha moto, na Fransiska anatandika mikeka kando ya ukuta ule ule wa matofali ya Ignasi. Nyuma yao mikokoteni bado ilikuwa inakuja. Akaenda akaketi mkekani mahali pa mfiwa, akanyoosha miguu, akaanza kupokea pole.