Kabla ya Kuzifunga Mada za Marehemu

Baraza letu la mtandaoni nililijenga mimi, peke yangu, katika chumba cha kupanga kwenye mji wa baridi huko ughaibuni. Mchana nikiosha vyombo hotelini, jioni nikisoma, na nilichokisoma kikazaa stashahada ya mitandao ya kompyuta ambayo leo imetundikwa sebuleni kwangu Mbweni, juu ya televisheni, ili anayeingia aione kabla hajaketi. Sikupewa na mjomba wala sikubebwa na mtu. Wenzangu walirudi Unguja na masanduku ya nguo. Mimi nilirudi na fani, nikajenga nyumba, na baraza langu likaendelea kuishi kwenye seva ninayoilipia mwenyewe.

Zamani lilikuwa limechangamka. Wazanzibari waliotawanyika duniani walikuwa wakikutana humo kuulizana habari za mtaa, bei ya karafuu, nani kaoa, nani kafa. Kila anayefungua mada huanza na salamu, kama anavyoingia mtu kwenye nyumba ya watu. Baadaye yakaja makundi ya kwenye simu, watu wakahamia huko. Baraza likabaki kama nyumba ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe wamehama: milango ipo, kufuli hakuna, na ndani bado mna viti.

Tatizo likaanzia kwenye salamu. Kwetu salamu haiachwi bila jibu. Sasa akiingia mgeni, akapekua mada za zamani, akakuta "Assalaam alaykum" ya mtu ambayo hakuna aliyeiitikia, moyo unamsuta. Anaandika "Waalaykum salaam", anaondoka zake. Hajui kwamba jibu lake moja linaichota mada kutoka chini kabisa na kuiweka juu, mbele ya macho ya watu wote, na mwenye mada yuko kaburini mwaka wa tano.

Msimamizi mwenzangu, fundi wa mafriji wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja, mtu wa maneno, alinipigia simu asubuhi moja.

"Yakhe, baraza lako hili ni la watu au la majini?"

"Kuna nini tena?"

"Jana kuna mtu kauliza wapi atapata fundi wa saa. Mie nikamwelekeza vizuri, mpaka duka nikamtajia. Nimeshamaliza ndiyo natazama jina. Ala! Huyu mie nlibeba jeneza lake!"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema wanachama wa nje wanalalamika, wengine wanaogopa kufungua. Tukakubaliana kwamba mada zote zilizonyamaza miaka mingi zifungwe: zisomeke, lakini asiweze mtu kuandika. Nikaandika programu ya kufanya kazi hiyo kwa kibonyezo kimoja, jambo ambalo kampuni ingeita wataalamu watatu kulifanya. Tukatangaza kwamba zitafungwa Ijumaa baada ya sala.

Baada ya tangazo lile, mada za zamani zikaanza kupanda kwa wingi. Aliyezipandisha alikuwa mtu mmoja, na hakujibu ovyo. Alichagua zile tu ambazo salamu zake hazikuitikiwa, na wengi wa wenye mada hizo walikuwa wameshakufa. Nilipotazama jina la anayejibu, nikasukuma kiti nyuma.

Alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa Jambiani. Tulimzika miezi mitatu nyuma. Nilishuka kaburini mwenyewe, nikampokea, nikatia udongo kwa mikono yangu.

Katika majibu yake moja lilinikaa kichwani. Miaka mingi nyuma, baharia mmoja mzee, tuliyeishi naye kule kwenye baridi, aliandika: "Assalaam alaykum. Nani anajua pa kupata embe mbichi huku kwenye theluji?" Hakuna aliyemjibu, wakati ule tulikuwa wachache. Yule mzee alifia chumbani kwake kule kule, hana mke wala mtoto. Tulimwosha na kumzika wenyewe, watu wa kwetu. Simu yake niliizima mimi, ikaenda na takataka zake nyingine, na neno lake la siri hakuna aliyelijua. Sasa chini ya swali lake palikuwa na maneno mapya ya mwalimu: "Waalaykum salaam. Embe zimezaa sana mwaka huu. Njoo."

Marehemu anamwalika marehemu.

Mimi si mtu wa kutishika. Niliingia kwenye kumbukumbu za seva, ambako kila ujumbe unaacha alama ya ulikotoka, na mara moja nikaona: majibu yote ya mwalimu yanatoka kwenye simu moja, ipo Jambiani. Nikajisemea, bila shaka mtu kaiba simu. Alhamisi nikawasha gari.

Nilifika baada ya Adhuhuri, jua kali, maji yametoka mbali, wanawake wako kwenye mwani kule mbele kama nukta. Nyumba ya mwalimu ilikuwa kimya. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa Mbweni, mwenye nyumba ya vioo?"

"Ndiye mie." Nilifurahi kwamba sifa za nyumba zimefika mpaka huku.

"Vioo vingi vile, nani anavisafisha?"

Nikamweleza nilichokijia. Hakushangaa. Aligeuza uso ndani, akaita, na sauti ya mwanamke ikaitika, "Naam." Alikuwa mjane wa mwalimu. Yuko edani, hatoki wala haonekani na wanaume wasio maharimu zake, kwa hiyo niliwekewa mkeka upande huu wa pazia na bibi akabaki kati yetu na ungo wake. Harufu ya ubani ilikuwa inapita chini ya pazia. Sauti ilikuwa karibu sana, nami sioni hata kivuli.

"Simu haikuibiwa, shemeji," alisema. "Ninayo mie. Ni mie ninayeandika."

"Kwa nini, shemeji? Unawatisha watu."

"Nimekaa ndani, nasoma. Marehemu alikuwa halali mpaka apite barazani kwenu. Nikaona salamu za watu zimeachwa. Na yeye alikuwemo humo humo, zilimhusu na yeye. Nikasema namwitikilia yeye, kwa niaba yake, asiende na deni la salamu za watu."

"Na ile ya embe?"

"Mzee wa watu kauliza embe. Mwembe wetu umezaa. Nlimkaribisha tu. Kumbe kafa?"

"Zamani sana."

"Inna lillahi," akasema bibi, bila kuacha kupepeta.

Mjane akaniambia jambo lililomfanya aharakishe. Asubuhi ya siku aliyokufa, mwalimu alifungua mada. Aliandika: "Assalaam alaykum. Leo sijisikii vizuri. Nani yupo?" Kabla ya Adhuhuri alikuwa amefariki. Mada ile haikupata jibu hata moja, kwa sababu watu walikuwa kwenye makundi yao ya simu.

"Kila siku naifungua naitazama," alisema. "Zote za wenzake nimeziitikia, labda na yeye atapata wa kumwitikia. Mie siwezi. Nikiandika, linatoka jina lake, na mtu haitikii salamu yake mwenyewe. Sasa kesho wewe unafunga. Ukifunga, yake itabaki hivyo mpaka Kiyama: anauliza nani yupo, na hakuna mtu."

Niliona nafuu. Jambo lenyewe dogo, na dawa yake ninayo mkononi. Nikamwambia, "Shemeji, mie ndiye mwenye baraza. Namjibu sasa hivi, hapa hapa mbele yako." Nikatoa simu, nikaingia, nikaanza kutafuta mada ya mwalimu.

Nyuma ya pazia simu ililia, ule mlio wa baraza, niliouchagua mwenyewe miaka ile.

"Ahsante, shemeji," ilisema sauti. Alikuwa analia. "Mungu akulipe. Umemjibu."

"Sijaandika kitu bado."

Ungo wa bibi ukasimama.

"Soma, mwanangu," alisema bibi.

Mjane alisoma polepole, kama anayesoma kwa mara ya kwanza. "Waalaykum salaam. Nipo. Nshafika. Embe tamu."

Nilikuwa nimeshaifikia mada kwenye simu yangu. Maneno yalikuwa hayo hayo, na juu yake jina la yule baharia mzee, na picha yake ndogo ya kofia ya sufu ambayo nilimpiga mimi, dirishani kwake, theluji nyuma.

Kule nje kwenye mwani mwanamke mmoja alicheka, kicheko kikaja na upepo mpaka tulipokaa.

"Ni nani huyo aliyefika?" bibi aliuliza.

"Mwenzake wa barazani, bibi. Yule wa embe."

Nilitegemea atapiga kelele. Akapuliza makapi kwenye ungo. "Basi kapata mtu," alisema. "Mwanangu hakupenda kukaa peke yake."

Nilirudi Mbweni na vioo vyote vya gari vimefungwa. Nilikaa mbele ya mashine mpaka Magharibi. Kila ujumbe unaoingia barazani kwangu lazima uache alama ya ulikotoka. Bila alama haupokelewi, hivyo ndivyo nilivyoupanga mfumo, na naijua kazi yangu. Ujumbe wa baharia ulikuwepo. Mahali pa alama palikuwa patupu. Nilijaribu kuutengeneza ujumbe kama huo kwa makusudi, kwa kila njia niliyofundishwa na kila njia niliyojifunza mwenyewe. Seva ilinikatalia kila mara.

Ijumaa baada ya sala fundi wa mafriji alinipigia. "Vipi, ushafunga?"

"Sijafunga, na sifungi."

"Wewe! Watu wanaogopa!"

"Anayeogopa apite pembeni. Humo mna watu wanaongojana."

Akaniuliza kama nimekula chakula kibaya Jambiani.

Eda ilipokwisha, mjane alimtuma bibi kunipigia, akasema simu ya marehemu imezimwa na kuwekwa, kazi yake imekwisha, yeye amerudi kwenye mwani. Alinitaka nikumbuke ahadi yangu. Niliahidi kumjibu mwalimu, na jibu la mtu mwingine halikuniondolea hilo.

Niliifungua mada ile mchana, mlango wazi, redio inaimba jikoni. Mwalimu anauliza nani yupo, baharia anamwambia yupo. Wawili tu, na wote wawili nimewaweka kaburini kwa mikono hii. Niliandika "Waalaykum salaam", nikasita kwenye neno linalofuata. Mwisho sikuandika "nipo", nisije nikahesabiwa wa tatu wao. Niliandika "nimesikia", nikatuma, na alama ya ulikotoka ujumbe wangu ikajiandika: Mbweni. Niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuzima mashine.