Tafsiri Yangu ya Wimbo wa Tatu

Mama hajui Kiingereza, lakini ile albamu ya kantri anaijua yote, wimbo kwa wimbo. Kanda aliinunua hapahapa Kariakoo, mitaa miwili kutoka chumba chetu. Jaladani yuko mwimbaji mwenye minywele iliyotuna, kucheka hacheki. Mama alipenda zaidi wimbo wa tatu. Alisema yule mwanamke analia kama mtu aliyeachwa, na mambo ya kuachwa mama hakuhitaji kufundishwa.

Baba alikuwa fundi magari mtaa wa Gerezani, na alikuwa na nyumba ndogo Temeke. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza alimaliza mwezi mzima bila kukanyaga kwetu. Mama akafunga mizigo turudi kwao Masasi. Jioni moja, akiwa ameketi juu ya mabegi, aliuweka ule wimbo akaniita.

"Wewe si ndiyo unajifunza Kizungu? Huyu mwenzangu anasemaje?"

Nilikuwa nimemwelewa mwimbaji vizuri tu. Anaacha funguo mezani, anafunga mlango, hageuki nyuma. Lakini mimi Masasi sikuitaka. Nilitaka shule yangu, rafiki zangu na sare yangu mpya.

"Anamsubiri mumewe, mama," nikasema. "Mwishoni mume anarudi."

Mama aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena kwa makini. Kisha akaanza kufungua mabegi. Nilimsaidia kutoa nguo, tena kwa furaha.

Alisubiri miaka kumi na saba. Baba alirudi akiwa mgonjwa wa kitandani, mama akamwogesha na kumlisha mpaka akamzika. Msibani watu walimsifu kwa uvumilivu wake, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwaka jana, nikiwa kwa mama, mdogo wangu alikuja na sanduku na mwanawe wa miaka tisa. Mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine. Mama hakumpa pole ndefu. Alichukua simu yake, ambamo siku hizi albamu nzima imo, akaweka wimbo wa tatu.

"Sikiliza. Huyu alisubiri, na mume akarudi. Dada yako ndiye aliyenitafsiria."

Kiingereza cha mdogo wangu ni cha kuombea maji. Akanigeukia. "Eti dada, ndivyo anavyosema?"

Niliwaza kuitikia. Naona aibu kuliandika hili, lakini niliwaza, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kuinama.

"Hapana," nikasema. "Anaondoka. Tangu ubeti wa kwanza anaondoka."

Mama alizima simu. "Umejua lini?"

"Siku ileile, mama."

Hakunitazama. Alilivuta sanduku la mdogo wangu, akalisukumia uvunguni mwa kitanda chake.

"Utakaa hapa, mwanangu, kule hurudi," akamwambia. "Na la kufanya usije ukamuuliza mtoto."