Hamu Niliyomsingizia Mama

Kwa muda mrefu nimekana kwamba ninatamani mgebuka. Nilianza kukana nikiwa chuo kikuu Dar es Salaam, bweni zima liliponiita Mwisho wa Reli kwa kuwa kwetu ndiko treni inakoishia, nikaona heri niseme samaki ni samaki tu, awe changu awe mgebuka. Nikaendelea kukana nilipokuwa mhadhiri, nikaolewa na mtu wa Tanga, nikazaa watoto wanaodhani samaki huzaliwa ndani ya jokofu. Siku moja nikiwa kwenye foleni benki nilinusa mawese kwenye nguo za mtu, machozi yakanitoka, nikamwambia karani nina mafua.

Kwa hiyo nilipopata likizo mwaka huu nikaenda nyumbani Kasingirima, Ujiji, nilikwenda kumwona mama, hilo ni kweli kabisa, lakini tumbo langu lilikuwa na safari yake. Tena lilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Ujiji analijua: ziwa lilikuwa limefungwa. Miezi hiyo huachwa lipumzike, samaki wazaane. Mitumbwi huvutwa mchangani, na mwalo wa Katonga, ambako mama aliuza samaki mpaka magoti yalipomkatalia, hubaki na kunguru na wanawake wanaosukana nywele. Likizo yangu ingekwisha kabla ziwa halijafunguliwa.

Mama humpasua mgebuka mgongoni, si tumboni. Humtia chumvi, humwanika kidogo apigwe na upepo, kisha humchoma juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, taratibu, huku akimgombeza kama mtoto anayechelewa kuoga. Mwisho humlaza kwenye mawese yenye vitunguu. Nimejaribu kufanya hayo yote Dar es Salaam, hata kugombeza. Haiwi. Na kila nikija namkuta mama amepungua kidogo, kama sabuni. Nilitaka nile samaki aliyetoka kwenye mkono ule, kabla mkono ule... Sentensi hii sijawahi kuimaliza.

Jioni ya kwanza mama alisema, kama mtu anavyozungumzia mvua, "Ziwa likifunguliwa tutakula migebuka."

"Unawatamani, mama?"

"Nani asiyewatamani? Pakua maharage, yanapoa."

Hapo nikapata kisingizio nilichokuwa nakitafuta.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, yumo katika kikundi kinacholinda mwalo. Ziwa likifungwa, wao ndio huwakamata wanaovua kwa kujiiba, na samaki wanaopatikana, wakubwa wa uvuvi wakisharidhia, hupelekwa wodini kwa wagonjwa. Asubuhi moja alirudi akisema wamekamata mtumbwi. Nikamfuata nje alikokuwa anajaza upepo baiskeli yake.

"Mdogo wangu, mama anatamani mgebuka."

"Mama? Jana kamaliza sahani mbili za ugali wa muhogo."

"Anakula, lakini hali."

"Anakula lakini hali." Alicheka. "Hicho ndicho Kiswahili cha chuo kikuu, dada?"

"Wale samaki wameshakufa. Hata ukiwarudisha ziwani hawaogelei. Mimi naomba wawili tu, wa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Ana presha."

"Presha humu anayo hata jogoo."

Kazi yangu ni kufundisha maadili. Kila mwaka nawauliza vijana ubaoni kama tendo jema hupimwa kwa nia au kwa matokeo, nao hunijibu wanachodhani nataka kusikia. Asubuhi ile nilijijibu mwenyewe kwa ufasaha ambao hakuna mwanafunzi wangu amewahi kuufikia. Nia ilikuwa mama, matokeo yalikuwa furaha, aliyeumia hakuwepo, na wagonjwa wa wodini wasingewakosa samaki wawili. Hoja zilikuja nyingi, moja baada ya nyingine, kama wageni waliosikia harufu ya pilau. Hakuna hata moja iliyokuwepo kabla hamu haijatiwa jikoni.

Mdogo wangu aliacha kujaza upepo. "Amekwambia mwenyewe?"

"Ameniambia."

Ulikuwa ukweli, ukiutazama kwa jicho moja.

Nilidhani atafanya kama ninavyoona wakifanya maofisini kwetu: samaki ndani ya gazeti, mlango wa nyuma, tusiulizane. Nilisahau nimelelewa naye. Alikwenda mwaloni akasimama mbele ya kikundi kizima, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, akasema mama yake ni mgonjwa na anatamani mgebuka, anaomba wawili. Aliporudi mchana kunieleza alikuwa bado anatokwa jasho.

"Mwenyekiti atawauliza wakubwa. Na yule tuliyemkamata alikuwa amekaa palepale, anasubiri hatima yake. Unajua alisemaje? 'Kama ni kwa yule mama, mimi sina kinyongo. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa anamletea dagaa wodini kila siku.'"

Nilimpa kikombe cha maji, akanywa, akaendelea.

"Na kina mama wa mwaloni wanakuja jioni kumjulia hali. Wanasema watampikia wao, asisimame."

Basi hata mkono wenyewe nilikuwa nimeupoteza. Ningemla mgebuka wa wizi uliosamehewa, aliyechomwa na mwanamke mwingine, huku mama yangu mzima amelazwa kitandani na huruma za watu. Ungedhani hapo ningesema yote yaishe. Sikusema. Mdogo wangu aliondoka kurudi mwaloni, nami nikaanza kuwasha mkaa. Hamu haina haya.

Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, akichambua maharage kwenye ungo, akiimba kitu cha Kiha ambacho nimesahau maana yake. Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mzee aliyenijua tangu natembea peku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo, mzee."

"Sasa sikiliza. Wakubwa wameridhia, ila wanataka neno la mtu wa familia. Mdogo wako nimemwambia wewe kaa pembeni, uko kwenye kikundi, watu watasema. Nikawaambia mwalimu yupo. Mtoto wa yule mama akisema, imetosha. Haya, niambie: ni kweli mama amewatamani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: alisema, mzee, kwa kinywa chake. Lisingekuwa na neno hata moja la uongo. Lakini kile kilichotosha, yaani kuaminika kwa mama, hakikuwa changu. Mama alikitengeneza pale Katonga miaka mingi, akiuza samaki wa jana kwa jina la samaki wa jana, huku wenzake wakimcheka. Mimi nilikuwa nakitumia bila kumwomba, naye alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwangu.

"Hapana, mzee. Mama hajambo. Aliyewatamani ni mimi."

Wimbo ulikatika uani. Sikugeuka kutazama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na wewe unaumwa?"

"Mzima kabisa, mzee."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nyuma yake nikasikia sauti ya mdogo wangu ikiuliza, "Anasemaje? Mzee, dada anasemaje?" Mwenyekiti akaendelea kuzungumza na mimi.

"Huyu kijana alisimama mbele za watu, mwalimu."

"Najua. Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia. Na kina mama nitawaambia mimi. Samaki waende wodini."

"Waende, mzee."

"Wewe subiri kama sisi. Ziwa litafunguliwa."

"Likizo yangu inakwisha kabla."

Nilisikia upepo wa mwaloni ukipiga kwenye simu yake, na mtu akigonga mbao za mtumbwi.

"Basi mwakani, inshallah."

"Inshallah, mzee."

"Haya. Nisalimie mama."