Mayai ya Mwaitu na Krediti za Stima

Siku hizi mtu akinitajia neno krediti, nataka kumrushia kitu. Mume wangu anajua, na akilitaja huwa amesimama mbali kidogo.

Kazi yangu hapa Mwala ni kuangua mayai. Wanawake wa kijiji huniletea mayai ya kienyeji, nayaweka kwenye mashine, nao hurudi kuchukua vifaranga. Mashine hiyo inataka joto lisilokatika. Zamani nilikuwa na paneli moja ndogo na betri kuukuu. Stima ikipotea, jambo ambalo kwetu si habari, betri ilishika zamu na mayai hayakujua kitu.

Kisha akaja muuza sola kutoka Mlolongo, mwenye viatu safi mno kwa barabara zetu. Alikunywa chai yangu huku akimweleza mume wangu, si mimi, kwamba tukijaza paa lote paneli, umeme unaobaki utaingia kwenye waya wa stima, na tutaandikiwa krediti za kupunguza bili. Nikauliza betri yangu itakaa wapi.

"Betri ya nini tena, mama? Laini ya stima ndio betri yako. Mchana unaweka, usiku unachukua."

Mume wangu alicheka kwa furaha. Wiki hiyo hiyo betri yangu iliuzwa kwa mwenye bucha sokoni, na paneli ndogo ikaifuata.

Nakubali, miezi ya kwanza bili ilishuka. Mume wangu aliamka kila asubuhi akikagua mawingu kana kwamba ameajiriwa kuyachunga. Miezi hiyo stima ilipotea usiku tu, ikarudi kabla mashine haijapoa, na mayai yangu yalikuwa yakianguliwa vizuri, basi nikaacha kuulizia betri.

Halafu kideri kikaingia kwa jirani yangu, mjane mzee ninayemwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Kiliua kuku wake wote isipokuwa mitetea wawili na jogoo. Mwaitu hakula yai hata moja. Aliyakusanya yote akaniletea kwenye kikapu chenye majivu. "Hizi mayai ndio kuku zangu," akasema. "Uniwekee vizuri." Muda si mrefu hata wale watatu wakafa, na ikawa kweli kama alivyosema.

Mayai yake yalikuwa yamekaribia kuanguliwa transfoma ya kijiji ilipolipuka. Ilikuwa mchana wa jua kali. Niliingia chumbani nikakuta taa ya mashine imezima. Nikatoka nje, nikatazama paa. Paneli zote zilikuwa ziking'aa, na ndani hapakuwa na umeme wa kuwasha hata redio.

Nikampigia muuza sola. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba stima ikipotea mtambo wetu hujizima wenyewe, ili umeme wetu usipande kwenye nguzo ukamuua fundi anayetengeneza. "Ni usalama, mama. Na bila betri hauwezi kuwaka peke yake."

Sitaki fundi yeyote afe. Lakini mtu huyu alijua hayo yote siku ile akinywa chai yangu, na aliiona mashine ikinguruma mbele ya macho yake. Hilo sijamsamehe na sina mpango wa kumsamehe.

Tulichemsha maji, tukayatia kwenye chupa, tukafunika mashine kwa blanketi. Nilibadilisha chupa hizo usiku na mchana mpaka vidole vikababuka. Kila siku jua lilijaa juu ya paa langu na halikunifaa kitu. Watu wa stima walipofika, mayai yalikuwa yamepoa. Vifaranga wachache walikuwa wametoboa ganda na kufia hapo hapo, midomo ikiwa nje.

Mwaitu alikuja na katoni aliyoitoboa matundu ya hewa. Nilimwambia ukweli mlangoni. Aliikunja katoni yake vizuri, akaiweka kwapani, akasema, "Haya basi." Afadhali angenitukana.

Nilikwenda Machakos, ofisi ya stima, nikiwa nimevimba kwa hasira. Mhudumu alinisikiliza, akabonyeza kompyuta, akatabasamu. "Lakini mama, akaunti yenu iko sawa kabisa. Muko na krediti mingi hapa."

"Mpatie jirani yangu."

"Ako na mita?"

"Hana hata waya."

"Basi hiyo haiwezekani. Na hatugeuzi kuwa pesa. Inakaa tu hapo muitumie, ama muda wake uishe."

Niliomba kuonana na mkubwa wake. Mkubwa alikuwa kwenye mkutano.

Nyumbani nilishika mitetea wangu watatu, nikawafunga miguu, nikawapeleka kwa mwaitu. Aliwapokea, akawaweka chini taratibu. Kisha akatazama upande wa kwetu, ambako paa lilikuwa likimetameta.

"Na hiyo jua, bado munawapea watu wa stima?"

"Bado, mwaitu. Hata saa hii."

Akatikisa kichwa, akainama kuwafungua kuku miguu. Nilirudi nyumbani bila kusalimia mtu, nikafungua kisanduku cha ukutani, nikashusha swichi ya paneli. Mume wangu alikuja mbio kutoka shambani, simu inayomwonyesha kazi ya paneli ikiwa mkononi.

"Umezima? Sasa hiyo jua yote itaenda bure?"

"Wacha iende," nikamwambia.