Mjini kwa Baba

Nimechoka. Wiki nzima wanangu wawili wanagombania safari yetu ya Dar es Salaam, likizo hii ya Desemba. Msichana anataka hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kaka yake anasema Dar joto, bora abaki hapa hapa Kigoma, mtaani kwetu Buzebazeba. "Mama, kwani lazima twende wote?" kaniuliza, macho kwenye simu. Nikaacha kubishana. Nikachukua viatu vyao, nikaanza kuvipiga kiwi kwa hasira, na harufu ile ikanirudisha utotoni, Ujiji.

Baba alikuwa ametuahidi: "Likizo hii nawapeleka mjini." Sisi watoto tulijua mjini ni Dar. Tukawaaga majirani, Mama akavaa kitenge kipya, dada akafunga nguo zake zote kwenye kanga, Baba akatung'arishia viatu. Tuliposhuka kwenye basi Kigoma, mwendo mfupi tu kutoka Ujiji, na kuliona garimoshi, nilikimbilia behewa. Baba akanidaka mkono.

"Wapi tena? Mjini si ndiyo hapa!"

Nililia, nikasusa hata soda. Yeye akatutembeza juani, akituonyesha benki, posta na meli bandarini kana kwamba alivijenga mwenyewe. Jioni tukarudi na furushi letu la nguo. Majirani tuliowaaga asubuhi walikuwa bado barazani.

"Mmeuona mji lakini?" Baba aliuliza tulipofika mlangoni, akiinama kunifuta vumbi viatuni kwa leso yake.

Mama peke yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwa watu: "Tumeuona, tena mkubwa!"