Valvanera Azunguka Mtaa wa Laurel

Valvanera Ezquerro alizaliwa Logroño, mji wa divai kaskazini mwa Uhispania, akaolewa Logroño, akamzika mumewe Logroño, na hadi Jumamosi ile ya msimu wa kuvuna zabibu hakuwa amewahi kusimama katika mtaa wa Laurel na glasi mkononi kama binadamu wengine. Usimcheke. Kinyozi hajinyoi. Saa ambazo mji mzima ulikuwa nje ukizunguka baa kwa baa, kitafunio hapa, glasi ya divai pale, yeye alikuwa ndani akichoma uyoga. Baa yao inaitwa Kwa Eusebio, jina la marehemu mumewe, mtu mtamu wa maneno ambaye maisha yake yote hakumenya hata punje moja ya kitunguu saumu.

Pale hupikwa uyoga tu. Vichwa vitatu hutungwa kwenye njiti, kimoja juu ya kingine, vikakalishwa juu ya kipande cha mkate na kumwagiwa mchuzi wa saumu. Hakuna kingine, na tangu baa ifunguliwe hakuna aliyethubutu kuuliza kingine. Kazi ya bamba la kuchomea Valvanera aliirithi kwa mama mkwe wake, naye mama mkwe hakuiachia kwa hiari. Aliiachia kwa kufa. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda katika nyumba ile.

Mwishoni mwa kiangazi kifundo cha mkono wake wa kulia kikagoma. Daktari akakifunga bendeji, akamwambia apumzike mpaka kipone, na bamba likashikwa na Leire, mke wa mwanawe wa pekee, Íñigo. Leire ni binti mpole kutoka kijiji kimoja cha mkoa jirani wa Navarra, na miaka yote tangu aolewe alikuwa akiosha glasi bila kulalamika. Wiki zote hizo Valvanera hakukanyaga baa. Aliwaambia watu kwamba mkono unamuuma. Kilichokuwa kikimuuma hakikuwa mkono.

Sasa kifundo kilikuwa kimepona, na Ijumaa jioni Íñigo alikwenda nyumbani kwa mama yake. Akakaa, akazungushazungusha kofia, kisha akasema alilotumwa na moyo wake. Bamba ni la mtu mmoja. Mama akirudi, Leire hatarudi kwenye karo la kuoshea glasi. Binamu yake Leire ana mgahawa katika mji wa Pamplona na anamtaka jikoni. Leire akienda, na mumewe atakwenda. Alisema yote haya bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma mama yake zaidi, maana mtu mkali angalau unaweza kumfukuza.

"Niambie kabla ya Jumatatu, mama," akamalizia.

"Nitakwambia nikishaonja."

Ukweli lazima usemwe: aliomba uyoga wa Leire uwe mbaya. Si mbaya wa kuiaibisha baa, hapana. Chumvi izidi kidogo, au saumu iungue, apate sababu ya kurudi mahali pake bila kuonekana mchoyo. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, alijiambia Jumamosi mchana akifunga kitambaa shingoni mbele ya kioo. Methali ni kitu kizuri. Humuunga mkono yeyote anayeitamka.

Akaenda kugonga kwa Felisa, rafiki yake tangu shule. Felisa na Merche, mwenzao wa tatu, walikuwa na desturi ya kuzunguka Laurel kila Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, na kila Jumamosi walipochungulia baani kumwita Valvanera, jibu lake lilikuwa moja: Jumamosi ijayo. Felisa alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi hereni.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja tuzunguke."

Felisa akageuka na kumpigia kelele Merche aliyekuwa ndani. "Shoga, vaa viatu. Jumamosi ijayo imefika."

Mtaa ulikuwa umejaa mpaka ukutani. Jua la vuli lilipita juu ya mapaa na kushuka kwa upande, likawa linagusa glasi za watu, na kila aliyeinua yake aliinua kipande cha jua chekundu. Valvanera aliujua mvumo wa mtaa huu kama anavyojua pumzi zake, lakini aliujua kutoka ndani, kama kelele inayokuja na maagizo. Sasa alikuwa katikati yake, na haukuwa kelele hata kidogo. Ulikuwa watu wakiambiana habari zao. Mmoja amefunga mavuno, mwingine amepata mjukuu, wa tatu anaapa kwamba divai ya mwaka huu itawanyamazisha majirani. Akatembea taratibu, akiogopa asije akaamka.

Baa ya kwanza walikula vipande vya viazi vyenye mchuzi wa pilipili na kunywa divai nyekundu changa, ile ya mavuno ya mwaka jana, inayoacha ulimi umefurahi na meno yamebadilika rangi. Mhudumu, kijana mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko bustani ya kanisa, alimtazama bibi huyu anayeshangaa kila kitu na akamuuliza kwa upole kama ni mgeni mjini. Baa yake na Kwa Eusebio zinatazamana.

Felisa alikabwa na kiazi. Valvanera akajibu kwamba ndiyo, amefika leo.

"Basi usiondoke bila kula uyoga wa hapo mbele, mama," yule kijana akamwambia. "Siku hizi ni balaa."

Siku hizi. Maneno mawili tu, lakini yaliingia kama mwiba wa samaki. Merche, ambaye njiani alikuwa ameshaambiwa habari za Íñigo, alipendekeza wavuke sasa hivi wakamalize shauri. Valvanera akasema kwanza divai nyeupe.

Kwenye baa ya pili divai nyeupe ilikuja baridi, glasi imetokwa na jasho, na ina harufu ya mapera ambayo hayajaiva. Kitafunio cha pale wanakiita ndoa: dagaa mmoja wa chumvi na mwenzake wa siki wamelazwa pamoja juu ya mkate mmoja. Merche, ambaye aliolewa mara mbili na hakujifunza chochote, alitaka kujua kati ya hao wawili marehemu Eusebio alikuwa yupi.

"Eusebio alikuwa mkate," Valvanera akasema. "Alilala tu chini."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Valvanera, akiwa bado anacheka, alijikuta amemkumbuka mtu yule kwa mapenzi ambayo hakuwa ameyatarajia. Mkate nao una kazi yake. Dagaa bila mkate ni kiu tu. Glasi ya pili ilikuwa imeshaanza kumfanya mwepesi. Aliona kama mtaa unapanuka, kuta zinasogea nyuma kuwapisha watu, na yeye mwenyewe amekuwa msichana tena, yule wa kabla ya aproni, mwenye miguu isiyochoka na mchana mzima usio na mwenyewe.

Hapo upepo mdogo ukapita, na pamoja nao harufu. Aliinua pua. Ilikuwa harufu nzito, tamu, ya kitu kinachoungua kidogo kwa makusudi. Tumbo lake likaamka kana kwamba halijala tangu Pasaka.

"Ni nini kinachonukia vizuri hivyo?"

Felisa alimwangalia kuona kama anatania, kisha akaweka glasi chini. "Mwenzangu, ni wewe. Ni saumu yako. Sisi tumenusa hiyo miaka yote."

Hakuwa ameijua. Mtu aliye ndani ya moshi haunusi. Aliweka glasi yake kando ya zile za wenzake. Kisha akawashika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakavuka.

Kwa Eusebio palikuwa hapapitiki. Wakajipenyeza mpaka karibu na kaunta, nyuma ya mzee mmoja mnene na wasichana wawili. Íñigo alikuwa akimimina divai. Akamwona mama yake, chupa ikasita. Akasogeza glasi tatu na vipande vitatu vya mkate wenye uyoga. Leire hakujua lolote. Alikuwa kwenye bamba, na bamba la baa ile limejengwa likitazama ukuta, hivyo mwenye kuchoma huwapa watu mgongo tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa.

Valvanera alikula namna watu wanavyokula pale, ameinama mbele mchuzi usimchafue. Alitafuna polepole. Alitafuta chumvi iliyozidi, haikuzidi. Alitafuta saumu iliyoungua. Akatafuta kwa uaminifu wote wa mtu mwenye wivu, maana wivu alikuwa nao na hakujificha mbele ya nafsi yake, na hakupata kitu. Leire alikuwa ametia tone la limau ambalo yeye hakuwahi kutia, na lilikuwa mahali pake hasa. Uyoga ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Machozi yakamjia, nusu ya uchungu, nusu ya utamu, na ungemuuliza asingeweza kuyatenganisha.

Akainua macho ili asionekane, na ndipo alipowaona watu.

Yule mzee mnene alikuwa amefumba macho, mafuta yanamtiririka kidevuni, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayenyonya. Msichana mmoja aliuma, akamshika mwenzake mkono. Mwanamume mmoja kwenye kona alipangusa sahani kwa mkate, akaitazama kwa huzuni. Kote baani ilikuwa hivyo. Miaka yote hiyo, vichwa vyote hivyo vya uyoga, na Valvanera hakuwahi kumwona hata mtu mmoja akila chakula chake. Alikuwa ametazama ukuta.

Felisa alikuwa ameshafuta vidole. "Haya, twende, baa inayofuata."

"Íñigo," Valvanera akasema, "niletee kingine."

Watu wa karibu wakageuza shingo. Laurel mtu hali mara mbili mahali pamoja; unakula kimoja, unakunywa glasi yako, unasogea. Anayerudia ni yule ambaye miguu imekataa kuondoka, na mzee mnene, aliyezunguka mtaa huu maisha yake yote, alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona. Íñigo akampazia sauti Leire: kingine, cha mama.

Mkono wa Leire ukasimama juu ya bamba. Mabega yakapanda. Lakini hakugeuka, kwa sababu vichwa kumi na kitu vilikuwa motoni na mchomaji mwenye akili hageuki.

"Leire," Valvanera akaita. "Geuka, mwanangu."

"Vitaungua, mama."

"Viungue."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Leire akageuka, uso mwekundu kwa joto, mwiko mkononi, amejiandaa kutukanwa. Nyuma yake moshi ulianza kuwa mweusi. Valvanera hakumtazama yeye. Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule uliopona, akamwonyesha mzee, wasichana, mwanamume wa kona, baa nzima.

"Waangalie," akamwambia. "Mimi sikuwaona. Kuanzia Jumatatu, wewe uwe unageuka."